Mkono wa Chapman, Ulimi Wangu

Jumatatu ya tarehe 25 Julai 2016, mida ya saa kumi jioni, tulikuwa watu sita kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, katika nyumba ya wazee kaskazini mwa Chicago nilikokuwa nafanya kazi. Maikrowevu inazunguka, televisheni ya ukutani iko kwenye stesheni ya michezo kama kawaida. Ikatangazwa kwamba Cubs, timu yetu ya besiboli ya Chicago, wamemchukua mrushaji Aroldis Chapman kutoka New York Yankees. Mpishi wetu, Mmeksiko asiyevua kofia ya Cubs, akapiga meza kwa kiganja mpaka vijiko vikaruka. Mwaka ule tulikuwa na timu ya ubingwa, ila tulikosa mtu wa kuingia mwishoni kumalizia mechi. Sasa tulikuwa tumempata mwenye mkono wa kasi kuliko mrushaji yeyote aliyewahi kupimwa: mwaka 2010 alirusha mpira kwa maili 105.1 kwa saa, yaani kilomita 169.

Nesi wa zamu, Mfilipino, akauliza bila kuinua macho kwenye chakula chake, "Si ndiye yule aliyefyatua bastola nyumbani kwake?"

Nikawahi kujibu mimi. Nikasema hakushtakiwa. Kisha nikaongeza kwamba wanawake wa wachezaji wanajua pesa ilipo.

Wanaume tukacheka. Kwenye sinki alikuwepo mama mmoja wa Kikongo, mwenyeji wa Uvira, ametupa mgongo, anaosha bakuli lake la plastiki. Alifunga bomba, akalikung'uta bakuli mara mbili tatu, akatoka. Sikulitilia maanani. Tulikuwa tunajadili besiboli.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikulia kwenye kelele za Coastal Union na ubishi wa vijiweni, na nilipofika Marekani mwaka 2011 kwa ile bahati nasibu ya viza, kitu kilichonikosesha raha kuliko baridi kilikuwa kukosa watu wa kubishana nao kuhusu mpira. Nilibeba maboksi kwenye ghala mwaka mzima, nikasomea uhudumu wa wazee, nikaajiriwa. Huko ndiko nilikokabidhiwa mzee mmoja wa chumba cha dirishani, aliyekuwa na redio ndogo kitandani. Kila alasiri wakati wa msimu aliniambia, "Kaa kidogo." Yeye ndiye aliyenifundisha besiboli.

Alinifundisha kwa subira. Kwamba huu ni mchezo usiotawaliwa na saa kama soka. Mechi haiishi mpaka timu iwe imetolewa wapigaji wake 27, watatu watatu katika raundi tisa. Kwamba mrushaji na mpigaji wanawindana kwa akili, na mpira wenyewe ni namna tu ya kujua nani amemuotea mwenzake. Kwamba Cubs walitwaa ubingwa mara ya mwisho mwaka 1908, na mara ya mwisho kufika hata fainali ilikuwa 1945, yeye akiwa na miaka 12, akisikiliza redio dukani kwa baba yake.

Na msimu ni mrefu ajabu. Kila timu inacheza mechi 162 kwa miezi sita, karibu kila siku ya Mungu. Kwa hiyo mazungumzo ya mashabiki hayana mapumziko. Soka ya nyumbani inakupa wiki nzima ya kupoa. Besiboli inakupa usiku mmoja. Ukiingia kazini asubuhi unapokelewa na habari: fulani ameumia bega, fulani amebadilishwa timu, fulani amekamatwa akiendesha gari amelewa, fulani anatuhumiwa kumpiga mkewe. Zote zinasemwa kwa sauti ileile, kwa pumzi moja, na baada ya kila moja swali linalofuata ni hilo hilo: atarudi lini?

Nilichukua miaka mingi kulisikia swali hilo lilivyo. Aliyevunjika kidole, atarudi lini. Aliyefungiwa kwa kumdhuru mtu, atarudi lini. Tulikuwa tunahesabu mechi za adhabu kama tunavyohesabu wiki za kupona msuli.

Habari za Chapman nilikuwa nazijua, sikuwa mjinga. Oktoba 2015, nyumbani kwake Florida, mpenzi wake aliwaambia polisi kwamba Chapman alimkaba na kumsukuma. Chapman mwenyewe alifyatua risasi nane ndani ya gereji. Alikana kumdhuru mwanamke yule, na waendesha mashtaka hawakufungua kesi, wakisema maelezo yalipishana. Ilitokea kwamba Agosti ya mwaka huohuo ligi na chama cha wachezaji walikuwa wamekubaliana sera mpya kuhusu ukatili wa nyumbani, unyanyasaji wa kingono na ukatili kwa watoto. Sera hiyo inampa kamishna wa ligi mamlaka ya kuadhibu hata pale ambapo mahakama haijamtia mtu hatiani. Machi 2016 Chapman akawa mchezaji wa kwanza kufungiwa chini ya sera hiyo: mechi 30. Alisema alipaswa kutumia busara zaidi, akatumikia adhabu yake, akarudi.

Mimi neno "hakushtakiwa" nililitumia kama ufunguo wa kufungia mlango. Sasa naliona kwa namna nyingine. Halikuniambia kwamba alifanya, wala halikuniambia kwamba hakufanya. Lilinipa ruhusa ya kuacha kufikiri, nami nilikuwa naitafuta ruhusa hiyo kwa sababu nilitaka mkono wake.

Uongozi wa Cubs ulijua watu watauliza. Mmiliki alisema amezungumza na Chapman kwa simu kuhusu mwenendo nje ya uwanja. Siku ya kumtambulisha, Chapman alipoulizwa aliambiwa nini, alijibu kupitia mkalimani kwamba hakukumbuka vizuri kwa sababu alikuwa usingizini simu ilipopigwa. Baadaye ikarekebishwa, ikasemwa ameeleweka vibaya. Mimi niliyeishi kwa kutafsiriwa na kutafsiri nilimwonea huruma sana. Huruma yangu ilikuwa ya kweli, ila yote niliimimina upande mmoja. Kuna mshabiki mmoja wa kike hapa Chicago aliyeamua kutoa dola 10 kwa kituo cha msaada wa kisheria kwa waathirika wa ukatili wa nyumbani kila Chapman atakapoimalizia Cubs mechi, na watu wengine wengi wakamfuata. Tulipolisikia hilo kazini, nilisema anatuharibia raha.

Na raha ilikuwepo, siwezi kudanganya. Mechi 103 tulishinda msimu ule. Usiku wa tarehe 2 Novemba, mechi ya saba ya fainali dhidi ya Cleveland, niliomba kubaki chumbani kwa mzee ingawa zamu yangu ilikuwa imeisha. Tuliongoza 6 kwa 3 raundi ya nane, akaingizwa Chapman, mkono umechoka kwa mechi za mfululizo. Rajai Davis wa Cleveland akampiga mpira ukaenda kuangukia jukwaani, 6 kwa 6. Mzee alifumba macho akasema kwa sauti ndogo, "Nilijua." Kisha mvua ikanyesha, mchezo ukasimama dakika 17. Nilimshika mkono. Ngozi ya mikono ya wazee inateleza juu ya mifupa kama hariri, ukikaza utaiumiza. Nilikuwa nimeshika hivyo, bila kukaza, wakati Kris Bryant anauokota mpira wa mwisho na kumtupia Anthony Rizzo. Nane kwa saba, ubingwa wetu, katika raundi ya ziada ya kumi, ilibaki kidogo itimie saa sita ya usiku wa Chicago. Mzee hakupiga kelele. Alisema jina la marehemu mkewe, akalirudia.

Kesho yake akaniomba kitu. Watu walikuwa wanaandika kwa chaki kwenye kuta za matofali za Wrigley Field, uwanja wa Cubs, upande wa mtaa wa Waveland na ule wa Sheffield, majina ya wazazi, babu na ndugu waliokufa bila kuuona ubingwa. Nikapanda treni mpaka kituo cha Addison. Nilikuta ukuta umejaa mpaka juu kabisa, watu wamebebana mabegani kufikia nafasi tupu. Sikuwa na chaki. Binti mmoja akanivunjia yake ya samawati, akanipa nusu. Nikachuchumaa karibu na bomba la mvua, nikaandika jina la mke wa mzee, nikaupiga picha ukuta. Vumbi la chaki lilibaki kwenye kucha zangu mpaka jioni. Hiyo ni miongoni mwa siku bora nilizowahi kuishi katika nchi hii, na iliwezekana kwa sehemu kwa sababu ya mkono wa mtu yule. Nimejaribu kuvitenganisha vitu hivyo viwili, nimeshindwa, nimeacha.

Januari 2017, usiku wa Jumamosi, theluji inaanguka, nilikuwa namrudisha nyumbani yule mama wa Uvira. Zamu yetu iliisha saa tano usiku na mabasi ya mtaa wao yalikuwa machache, kwa hiyo nilikuwa nampa lifti mara kwa mara. Tukafika mbele ya jengo lao. Hakushuka. Alikuwa anatazama dirisha la ghorofa ya tatu, taa inawaka.

"Zunguka tena, kaka," akasema.

Nikazunguka. Tuliporudi, taa bado. Akasema tena nizunguke. Mara ya tatu nilisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, nikaacha injini iwake kwa sababu ya hita, nikamuuliza kulikoni. Akavuta mkono wa koti lake juu. Sitaeleza nilichoona.

Alisema ilianza zamani, tangu kambini. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia mtu. Alinyamaza, kisha akanijibu kwa Kiswahili chao: "Ile siku ya ule mchezaji wenu, nilitakaka kukuambia wewe. Nilisema huyu kaka tunasikilizana luga, atanisaidia. Halafu nikasikia vile ulisema."

Kutoka Julai mpaka Januari ni miezi sita. Nimezihesabu siku zake mara nyingi kuliko mechi zozote.

Sikuwa na neno la kumjibu. Nilimwomba radhi, akasema haina shida, kama watu wanavyosema pale shida ipo. Nikampigia simu yule nesi wa Kifilipino, usiku ule ule, na yeye ndiye aliyejua la kufanya. Aliniambia kwamba kwenye choo cha wanawake cha kazini kwetu kuna karatasi ukutani yenye namba ya simu ya taifa ya waathirika, inayopokelewa saa 24 na wakalimani wapo, na chini yake kuna vijikaratasi vya kuchana uondoke navyo mfukoni. Yule mama akafungua pochi yake, akatoa kimoja. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, wino umefutika kwenye mikunjo. Alikuwa amekitunza tangu kiangazi.

Yaliyofuata yalichukua miezi, na mengi si yangu kuyasimulia. Niliendesha gari tu, mpaka mahakama ya kesi za ukatili wa nyumbani iliyoko Harrison Street, nikakaa kwenye benchi la korido. Alipata amri ya kumzuia mume asimkaribie. Lakini kuna jambo moja lazima niliseme. Mumewe alikuwa mpiga gitaa wa kwaya kanisani kwao, na alipiga vizuri, nilishawahi kumsikia kwenye harusi nikasisimka. Habari zilipoenea, watu waliomjia yule mama, wanaume kwa wanawake, watu wema wanaochangia misiba, wengi wao walianza na swali moja: sasa Pasaka nani atapiga gitaa? Na lilipopita hilo, likaja jingine: atarudi lini?

Niliposikia hivyo nilijua ninapolijua swali lile. Lilikuwa langu.

Mzee wangu alifariki Machi ile, msimu mpya haujaanza. Sikumwambia habari hizi. Picha ya ukuta bado ninayo.

Septemba 2018 ikawa zamu ya Addison Russell. Huyu alikuwa kijana wetu, ndiye aliyepiga mpira ulioingiza watu wanne kwa mkupuo, yaani pointi nne, katika mechi ya sita ya fainali ile. Mwaka uliotangulia tuhuma zilikuwa zimeshavuma, zikapoa, sisi tukaendelea. Sasa aliyekuwa mke wake akaandika mwenyewe, kirefu, aliyopitia. Russell alisimamishwa, kisha akafungiwa mechi 40. Nilikuwa nimekaa kwa kinyozi, vijana wa nyumbani wamejaa, Watanzania na Wakenya, mmoja akasema ile sentensi yangu, karibu neno kwa neno. Kwamba mwanamke anajua pesa ilipo.

Nikamwambia kinyozi asimamishe mashine kidogo. Sikumhukumu Russell. Nilimwambia yule kijana kwamba Russell hatusikii na wala hatatusikia, yuko mbali. Anayetusikia ni dada yako aliyekuja kumchukua mtoto hapo mlangoni. Nikawasimulia habari ya gari na theluji, bila kumtaja mtu. Kukawa kimya mpaka kinyozi akawasha mashine. Mmoja wao, sitasema yupi, alinipigia simu baada ya wiki mbili kuhusu shemeji yake.

Sikugeuka kuwa hakimu wa wachezaji. Wapo wanaosema ukweli wakisema wamesingiziwa, na mtu mweusi au mhamiaji katika nchi hii anajua polisi wanaweza kumwandikia lolote, sitalisahau hilo. Ninachokilinda ni mdomo wangu mezani. Najua sasa kwamba ile mizaha ya chumba cha chakula hufika juu. Oktoba 2019, Houston Astros walipofuzu fainali, msaidizi wa meneja mkuu wao aliwapigia kelele waandishi watatu wa kike, mmoja wao akiwa amevaa kikuku cha zambarau cha kampeni ya kupinga ukatili wa nyumbani, akishangilia kwamba asante Mungu tulimchukua Osuna. Roberto Osuna, mrushaji wao, alikuwa amefungiwa mechi 75 mwaka 2018 kwa sera ileile. Klabu kwanza ilidai mwandishi ametunga. Siku chache baadaye ikamfukuza kazi bwana yule. Nilisoma habari ile nikiwa nimesimama kwenye treni, nikasikia kicheko changu cha mwaka 2016.

Na wengine wakarudi, kama tulivyouliza. Julio Urías, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, alifungiwa mechi 20 mwaka 2019, mwaka 2020 ndiye aliyerusha mpira wa mwisho Dodgers wakitwaa ubingwa, Septemba 2023 akakamatwa tena, na 2024 hakulipinga shtaka la kumpiga mwenzi wake.

Yule mama alihamia Iowa na watoto wake, waliko ndugu zake. Tunapigiana simu. Mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akilala kiti cha nyuma cha gari langu akiwa mdogo, sasa anacheza besiboli kwenye ligi ya watoto na ana glavu ambayo mama yake aliilipa kwa mafungu. Usiku wa tarehe 28 Juni 2023 alinipigia yeye mwenyewe, amepagawa. Domingo Germán wa Yankees alikuwa amewatoa wapigaji 27 wa Oakland mfululizo, hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Mechi kamilifu, ya 24 tu katika historia yote ya ligi kuu.

"Anko, umeona? Ishirini na saba!"

Nikamwambia nimeona. Tukazipitia raundi moja moja kama alivyokuwa akinifanyia mzee. Kisha akaniuliza kama Germán ni mtu mzuri. Nilisita, kwa sababu nilijua mama yake yuko karibu na simu imewekwa kwenye spika. Nikamjibu kwamba simjui, namjua anavyorusha mpira, na leo amerusha kuliko wote. Nikamwambia pia kwamba mwaka 2020 alifungiwa mechi 81 chini ya sera ya ukatili wa nyumbani, kwa alichomfanyia mwenzi wake, na kwamba hakukata rufaa.

Akanyamaza. Ana miaka 11, lakini ni mtoto aliyeona.

"Na yule mwanamke," akauliza, "yeye yuko wapi sasa?"

Nilimwambia sijui. Miaka yote hiyo ya besiboli, sijawahi kumsikia mtu akiuliza. Upande wa pili wa simu maji yalikuwa yanatiririka jikoni, kisha nikasikia bomba likifungwa.